Mkataba wa amani umetiwa saini: je, nirudi nikae meza moja na aliyetuchomea nyumba?

SWALI: "Mwalimu, salaam na heshima. Nchi yangu, ambayo kwa usalama wa ndugu zangu sitaitaja, imepigana yenyewe kwa yenyewe kwa zaidi ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya muda huo nimeishi ukimbizini. Mwaka jana serikali na makundi mawili ya waasi walitia saini mkataba wa amani. Ni wa tatu. Miwili ya kwanza haikumaliza mwaka. Safari hii wameahidi serikali ya umoja wa kitaifa, msamaha kwa wapiganaji wote, na uchaguzi baada ya miezi kumi na minane. Wazee wa kijiji chetu wameniandikia nirudi niwe katibu wa kamati ya maridhiano, kwa kuwa nimesoma na kwa kuwa familia yetu ilipoteza watu. Lakini miongoni mwa wapiganaji waliokwisha kurudi kijijini yumo kijana aliyeongoza kundi lililotuchomea nyumba, na shamba letu sasa linalimwa na mtu mwingine. Mjomba wangu anasema makabila yetu yamechukiana tangu enzi za mababu na hakuna karatasi itakayobadili hilo. Dada yangu anasema bila watu hao kufungwa hakuna amani. Sijui nimsikilize nani. Amani ya kudumu hujengwaje hasa, na je, nirudi?"

JIBU: Ndugu yangu, barua yako ina maswali matatu ndani ya moja: kama mkataba huu utashika, kama msamaha huo ni haki, na kama wewe mwenyewe, pamoja na majeraha yako, unapaswa kurudi na kuketi kwenye kamati. Nitayajibu yote, ingawa si kwa uzito sawa, kwa sababu la kwanza ndilo linaloyaamua mengine na ndilo ambalo watu wengi hulielewa vibaya. Nianze na kauli ya mjomba wako.

Simbezi mjomba wako. Mtu aliyezika watoto wa ndugu zake ana haki ya kuona chuki kila anapogeuka. Hata hivyo, kama chuki za mababu ndizo zingekuwa chanzo, vita visingekuwa na tarehe. Jamii nyingi duniani zina kumbukumbu mbaya kuhusu majirani zao na bado zinaoana, zinafanya biashara na kuzikana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huanza, na hurudi, katika nyakati zinazofuata mambo yanayotokea kambini, hazina na kwenye masanduku ya kura. Burundi iliingia vitani baada ya Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, kuuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Sudan iliingia vitani tarehe 15 Aprili 2023 wakati jeshi la taifa na RSF, kikosi chenye silaha kilichokuwa na kamanda wake, walipokuwa wakibishana, pamoja na mambo mengine, juu ya muda wa kukiunganisha kikosi hicho na jeshi: upande mmoja ulitaka miaka miwili, wa pili ulitaka kumi. Chuki ilikuwepo katika nchi zote mbili, na ilichochewa kwa makusudi. Lakini swali lililotangulia risasi lilikuwa ni nani atabaki na bunduki.

Kinachorudisha vita mara nyingi ni hofu, na hofu hiyo ina mantiki yake ambayo inafaa uielewe vizuri kabla hujaamua lolote. Vita vya nchi mbili vinapokwisha, kila jeshi hurudi nyuma ya mpaka wake likiwa na silaha zake, na likidanganywa linaweza kujitetea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe haviwezi kwisha hivyo, maana nchi moja haikai na majeshi mawili kwa muda mrefu. Lazima watu waweke silaha chini na wakubali kuishi chini ya serikali ambayo adui wao wa jana ana sehemu kubwa ndani yake. Mfikirie kamanda wa waasi. Leo, akiwa msituni na watu elfu tatu, anaahidiwa wizara, mishahara na usalama. Kesho, akishawakabidhi watu hao na bunduki zao, ni nini kitakachomlazimisha aliyemwahidi kutimiza? Mahakama ni za serikali, polisi ni wa serikali, hazina ni ya serikali. Naye rais ana hofu zake: kwamba silaha nzuri zimefichwa, na kwamba kambi alizokubali zifunguliwe zitatumika kulipumzisha jeshi litakalomgeukia. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, wote wawili wakaitaka amani kwa dhati, na bado kila mmoja akaona ni busara kubakiza akiba ya silaha. Mwenzake akiigundua, ataichukulia kuwa ushahidi wa njama. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapa wote wawili wameumwa.

Kwa sababu hiyo, kipindi cha hatari kubwa huanza baada ya saini, na huendelea kwa miaka kadhaa. Mkataba unaodumu ni ule uliopanga vizuri namna ya kukivuka kipindi hicho: nani anaweka silaha chini kwanza, mbele ya macho ya nani, na kila mmoja anapata nini njiani kabla hajafika mwisho. Uzuri wa ibara zake kuhusu umoja na udugu hausaidii sana. Nimesoma mikataba mingi yenye utangulizi wa kupendeza na kiambatisho cha usalama cha kurasa mbili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Angola na Msumbiji, kwa kuwa nchi hizi zilifanana kwa mengi. Zote zilitawaliwa na Ureno, zote zilipata uhuru mwaka 1975, na zote ziliingia katika vita virefu vilivyotiwa nguvu na mataifa ya nje. Angola ilitia saini Mkataba wa Bicesse mwezi Mei 1991, Msumbiji ikatia saini ule wa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Huko Angola uchaguzi ulifanyika Septemba 1992, na siku ya kura ilipofika majeshi ya pande mbili yalikuwa bado hayajavunjwa wala kuunganishwa kama ilivyoahidiwa, huku waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa wakiwa mia chache tu katika nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Isitoshe, utaratibu wenyewe ulimpa mshindi karibu kila kitu. Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, alipotangaziwa kuwa ameshindwa duru ya kwanza, alikuwa na sababu ya kugoma na jeshi la kugomea. Wiki chache baadaye watu walikuwa wakiuana katika mitaa ya Luanda, na vita viliendelea, kwa vipindi, hadi Savimbi alipouawa Februari 2002.

Msumbiji ilipata nafasi ya kujifunza kutokana na msiba huo. Umoja wa Mataifa ulipeleka askari maelfu kadhaa, uchaguzi uliokuwa umepangwa mwaka 1993 ukasogezwa hadi Oktoba 1994 ili wapiganaji wapokonywe silaha kwanza, na mfuko maalumu ukaanzishwa kulisaidia kundi la waasi la Renamo liwe chama cha siasa chenye ofisi na vitendea kazi. Wapo walioita hiyo hongo, na pengine ilikuwa hongo; lakini ilimpa kiongozi wake, Afonso Dhlakama, kitu ambacho angekipoteza akirudi msituni. Hata alipotangaza ghafla kuususia uchaguzi wakati kura zinaanza kupigwa, alishawishiwa kurudi, upigaji kura ukaongezewa siku, akashindwa, na hakushika silaha. Nitakuwa nakudanganya nikiishia hapo, maana Renamo ilibaki na walinzi wenye bunduki, jeshi lililounganishwa likawa dogo sana kuliko lililokusudiwa, manung'uniko ya maafisa yakaachwa yarundikane, na mwaka 2013 mapigano yakarudi. Ilibidi utiwe saini mkataba mwingine Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya Renamo ikafungwa Juni 2023. (Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo, vilivyoanza 2017, ni vingine na vina vyanzo vyake.) Tangu Roma hadi kambi hiyo ya mwisho ni zaidi ya miaka thelathini. Ninapoulizwa amani huchukua muda gani kukomaa, huo ndio muda ninaoufikiria.

Sasa utaelewa kwa nini ile miezi kumi na minane ya mkataba wenu inanitia wasiwasi zaidi kuliko jambo lingine lolote uliloniandikia. Watu wengi hudhani uchaguzi ndio unaomaliza vita. Uchaguzi humaliza ubishi wa nani atawala pale ambapo anayeshindwa ana uhakika wa kubaki hai, kubaki huru na kugombea tena. Pasipo uhakika huo, uchaguzi unawaambia watu wenye silaha siku kamili ambayo watapoteza kila kitu. Cote d'Ivoire ilifanya uchaguzi wake mwishoni mwa 2010 huku vikosi vya kaskazini vikiwa bado na silaha. Wagombea wawili waliapishwa, na kabla mgogoro haujaisha Aprili 2011 watu wapatao 3,000 walikuwa wameuawa. Kwa hiyo usiulize kwanza uchaguzi ni lini. Uliza ni wapiganaji wangapi watakuwa wamekwisha kutoka makambini kabla ya siku hiyo, na kama tarehe inaweza kusogezwa kwa makubaliano bila mtu kuitwa msaliti.

Kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, maoni yangu yamegawanyika, nami nitakupa pande zote mbili. Kugawana madaraka kunaweza kuipunguza hofu niliyoieleza, hasa kukigusa jeshi. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 kuhusu Burundi, ambao usuluhishi wake uliongozwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, na Nelson Mandela, uliweka kanuni kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya vikosi vya ulinzi. Kwa Mhutu ambaye kwa miongo mitatu alikuwa ameliona jeshi kama mali ya wengine, na kwa Mtutsi aliyeogopa kuangamizwa akipoteza jeshi hilo, kanuni hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko hotuba mia. Makundi makubwa ya waasi hayakuwemo siku ya saini. La CNDD-FDD liliingia mwaka 2003, na lile la FNL likachelewa zaidi. Mgogoro wa muhula wa tatu wa rais ulipolipuka mwaka 2015, mamia ya watu waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia, na hilo si jambo la kupuuzwa. Lakini mpasuko ulifuata zaidi mistari ya vyama kuliko ya makabila, na vita vya 1993 havikujirudia. Nadhani jeshi lililochanganywa lina sehemu kubwa katika hilo.

Upande wa pili ni huu: vyeo vinapogawiwa kwa wenye bunduki peke yao, kila kijana mwenye hasira anajifunza njia ya kuupata uwaziri. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 ulimpa Foday Sankoh, kiongozi wa waasi wa Sierra Leone, uenyekiti wa tume ya madini, yaani funguo za almasi zilezile zilizolipia vita vyake, na hadhi ya makamu wa rais. Haukupita mwaka, wapiganaji wake wakawa wamewateka mamia ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Huko Kongo, kundi la M23 lilichukua jina lake kutoka tarehe ya mkataba, 23 Machi 2009, ambao wapiganaji hao walidai serikali haikuutekeleza. Jina lenyewe ni dai la deni. Basi ugawaji wa madaraka unafaa ukiwa na mwisho uliotajwa, ukigusa jeshi, polisi na mapato, na ukiwaachia nafasi watu ambao hawakuua mtu. Ukiwa ni orodha ya wizara tu, hautafika mbali.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu jinsi kazi ya kuwapokonya wapiganaji silaha inavyofanyika, kwa sababu kijana unayemwogopa atakuwa amepitia humo, au atakuwa amepita pembeni. Mpiganaji hufika kwenye kituo cha kukusanyia, hukabidhi bunduki, namba yake huandikwa, hupigwa picha na kupewa kitambulisho, kisha hupata posho ya mpito na nafasi ya mafunzo ya ufundi au ya kurudi shule. Ugumu uko kwenye mlango. Nani anahesabiwa kuwa mpiganaji? Mara nyingi orodha ya majina huletwa na kamanda, naye huweza kuingiza ndugu zake na kuwaacha nje wapishi, wabeba mizigo na wasichana waliochukuliwa kwa nguvu. Sierra Leone, ambako katika awamu za mwanzo mtu alitakiwa aje na silaha, wasichana wengi walibaki nje ya mpango kwa sababu hiyo. Liberia ililegeza masharti kiasi kwamba mtu aliweza kuingia kwa kukabidhi risasi 150. Matokeo yake watu zaidi ya 100,000 waliandikishwa ilhali silaha zilizokusanywa hazikufika 30,000. Halafu huja tatizo linalouma zaidi kijijini, kwamba aliyechoma nyumba anapewa posho na cherehani, na aliyechomewa hapewi chochote. Usione haya kukasirishwa na jambo hilo. Mipango iliyofanywa kwa akili hutoa msaada kwa kijiji kizima, kisima au shule au barabara, ili kurudi kwa wapiganaji kusiwe tusi kwa waliobaki.

Hapo tumefika kwa dada yako. Dada yako ana hoja, na asinyamazishwe kwa kuambiwa kwamba anavuruga amani. Lakini kati ya kuwafunga wote na kuwasamehe wote kuna njia kadhaa ambazo nchi mbalimbali zimezijaribu, kila moja kwa gharama yake. Msumbiji ilitoa msamaha wa jumla mwaka 1992 na kuwaachia wazee, makanisa na waganga wa kienyeji kazi ya kuwapokea waliorudi. Ilisaidia watu kulala usingizi, lakini wakubwa hawakuulizwa kitu. Afrika Kusini ilitoa msamaha kwa mtu mmoja mmoja, kwa sharti la kusema ukweli wote hadharani. Maombi yalizidi 7,000, na mengi yalikataliwa. Rwanda, ambayo isingeweza hata kwa miaka mia kuwahukumu washukiwa wake wote katika mahakama za kawaida, ilizirudia baraza za gacaca, yaani mabaraza ya kijadi ya vijijini, zilizosikiliza kesi zaidi ya milioni moja hadi zilipofungwa 2012. Ziliwafanya majirani waseme mahali maiti zilipo, na pia zililaumiwa kwa kukosa mawakili na kwa kutogusa makosa ya upande ulioshinda. Colombia, katika mkataba wa 2016 na waasi wa FARC, iliweka mahakama maalumu ambamo anayekiri mapema na kwa ukamilifu hupewa adhabu ya miaka mitano hadi minane ya kubanwa uhuru bila gereza la kawaida, na anayekana akipatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka ishirini.

Mimi naelekea kwenye njia za aina hii ya mwisho, zinazotenganisha waliopanga na kuamuru na waliotumwa, na zinazomfanya mtu aulipie msamaha wake kwa ukweli. Sababu yangu ni ileile ya hofu: ukitangaza kwamba kila mpiganaji atafungwa, umewaambia maelfu ya watu wenye silaha wasizitoe, ukitangaza kwamba hakuna atakayeulizwa, umewaambia waliopoteza ndugu zao wajitafutie haki wenyewe. Ujue pia kwamba msamaha wa serikali una mipaka ya kisheria. Umoja wa Mataifa hauutambui msamaha unaofunika mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu mkubwa wa kivita, na huko Lomé mjumbe wake aliweka saini akiongeza angalizo la namna hiyo. Vilevile, serikali ina mamlaka ya kumwondolea mtu mashtaka, lakini haina mamlaka ya kusamehe kwa niaba yako. Ukikutana na kijana huyo na moyo wako ukakataa, hujavunja mkataba wowote.

Jambo ambalo barua yako imelipitia kwa haraka, nami naliona ni zito kuliko yote kijijini, ni shamba. Mikataba mingi hujaa habari za ikulu na kambi, kisha watu wanarudi na kukuta mpaka umehamishwa, mti wa alama umekatwa, na anayelima hapo ana karatasi ya wilaya au ameuziwa na mtu aliyekwisha kufa. Burundi iliunda tume ya ardhi mwaka 2006 kwa sababu wakimbizi waliokimbia tangu 1972 walikuwa wakirudi kwenye mashamba yaliyokuwa yamelimwa na wengine kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanzoni tume hiyo ilielekea kuligawa shamba kati ya aliyerudi na aliyelikalia. Baadaye ikaegemea kumrudishia lote mwenye asili, na uhasama ukapanda. Hakuna kanuni iliyo tamu kwa wote wawili. Usifikiri kwamba anayelima shamba lenu lazima ni mmoja wa waliowachomea nyumba. Mara nyingi ni mkimbizi wa mahali pengine aliyeambiwa na mwenye mamlaka kwamba ardhi hiyo haina mtu. Ukimjia kama mwizi, utakuwa umeanzisha kesi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Sasa kuhusu kurudi. Siwezi kukuamulia kwa barua, kwa kuwa siijui nchi wala barabara ya kufikia kijiji chenu, ila naweza kukuambia ninachotazama. Natazama kama makamanda wa pande zote wamehamisha familia zao nchini au bado wanazisomesha na kuzihifadhi nje. Natazama kama askari waliochanganywa wanalipwa mshahara kwa ofisi moja na kwa wakati, maana jeshi lililounganishwa ambalo kila kikosi kinalishwa na mkubwa wake wa zamani halijaunganishwa. Natazama kama mwanamke anaweza kwenda sokoni na kurudi bila kulipa kwenye kizuizi chochote cha barabarani. Mwisho natazama kama tayari yupo mtu wa upande wa serikali aliyeadhibiwa na serikali yenyewe kwa kuvunja mkataba. Akiwepo hata mmoja, napata moyo.

Kuhusu kamati, nakushauri usikubali ukatibu bado. Nia ya wazee naamini ni njema, lakini katibu ndiye anayeandika majina ya waliotaja na waliotajwa, na mkataba ukivunjika, daftari hilo ndilo litakalotafutwa kwanza. Waulize kwa maandishi: daftari litahifadhiwa wapi na nani atakuwa na ufunguo, je, ushahidi unaotolewa kwenye kamati unaweza kupelekwa mahakamani, wanawake na vijana wangapi wamo, na nani atamlinda shahidi usiku ule baada ya kusema? Pia mtu aliyedhulumiwa moja kwa moja hapaswi kuandika kumbukumbu za kesi yake mwenyewe. Kesi ya nyumba yenu ikifika mezani, uwe mlalamikaji, na mwingine ashike kalamu. Kama ungependa kusaidia kutokea mbali, waandalie utaratibu wa kuandikisha mipaka ya mashamba kwa kuwatumia majirani wa pande nne kama mashahidi; kazi hiyo ina faida hata kama mkataba utayumba.

Kuna mambo matatu ambayo usiyafanye bila kuonana na mtu ana kwa ana. Kabla hujavuka mpaka, hata kwa wiki moja, mwone mwanasheria wa wakimbizi au ofisi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi iliyo karibu nawe, kwa sababu kurudi kwa hiari kunaweza kugusa hadhi yako ya ukimbizi, na ukigundua hilo ukiwa njiani utakuwa umechelewa. Uliza hasa kama kuna ziara za kwenda kuona na kurudi kutoa taarifa, ambazo hupangwa mara nyingine ili wakimbizi wachache wajionee hali kabla ya wengine kuamua. Kumbuka pia kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kukurudisha kwa nguvu mahali ambapo maisha au uhuru wako uko hatarini, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba saini ya mkataba wa amani imeufuta ulinzi wako siku hiyohiyo. Kwa shamba, tafuta mwanasheria wa ardhi anayeifahamu sheria ya nchi yenu, kwani katika nchi nyingi kuna muda maalumu wa kudai, na ukishapita, hata ukweli mtupu haukurudishii kitu. Na kama kumfikiria kijana yule kunakunyima usingizi, au unajikuta ukitetemeka, ukikwepa watu, au ukiona moto upya kana kwamba ni usiku uleule, basi mwone mshauri wa afya ya akili kabla ya kuonana naye. Usikubali kikao cha maridhiano kiwe mahali pa kwanza unapoisimulia habari hiyo.

Tafuta vilevile nakala ya kiambatisho cha usalama cha mkataba wenu, kile chenye ratiba ya makambi na idadi ya askari, kwani vyombo vya habari huchapisha hotuba na kukiacha hicho. Ukishakipata na ukishaonana na mwanasheria, niandikie tena, tukisome pamoja ukurasa kwa ukurasa kabla hujawajibu wazee.